Efa Ndogo, Shekeli Kubwa

Somo: Amosi 8:4–7; Kumbukumbu la Torati 25:13–16

Wafanyabiashara wa Amosi hawakuvunja nyumba ya mtu usiku. Waliuza ngano mchana kweupe, wateja wakiwatazama. Ila efa, kipimo cha lita kama 22, karibu sawa na debe letu, waliipunguza; na shekeli, jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, wakaliongeza uzito. Maskini akapunjwa mara mbili katika biashara moja. Mkulima aliyewahi kufungiwa lumbesa hahitaji mhubiri wa kumfafanulia hapo.

Siku hizi vijijini kwetu kumeingia bidhaa isiyoonekana wala kushikika: hewa ukaa. Anayechafua anga mbali na hapa hulipa ili msitu wako usimame. Kwa kuwa bidhaa yenyewe haionekani, haki yote imebaki kwenye mizani, basi na tuitazame mizani.

Mti hupimwa unene wa shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenye mizizi mirefu ya kuning'inia haupimwi hapo, bali sentimita 30 juu ya mzizi ulio juu kuliko yote. Utepe ukishuka kwenye mizizi, mti mwembamba unanenepa kwenye karatasi. Unene huo huingizwa kwenye hesabu ya aina ile ya mti, ukatoka uzito mkavu. Mti wenye kilo 100 kavu una kaboni karibu kilo 47. Ili kuigeuza kuwa hewa ukaa, zidisha kwa 44, gawanya kwa 12: kilo 172. Miti sita ya namna hiyo ni tani moja na kidogo. Mpimaji akitumia uzito wa mti mbichi, ambao pengine nusu yake ni maji, tani zinakaribia maradufu bila jani hata moja kuchipua.

Udanganyifu mkubwa zaidi hauhitaji utepe. Kinachouzwa si miti iliyopo, ni tofauti kati ya msitu uliolindwa na ule ambao ungekuwepo bila ulinzi. Mtu akiandika kwamba kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, iliyotunzwa na wazee vizazi na vizazi ingekwisha ndani ya miaka 10, ameuza hofu aliyoitunga mwenyewe. Na wakataji wakihamia ghuba ya jirani, kilichookolewa hapa kimepotea kule. Ndiyo maana Mikoko Pamoja, mradi wa wanavijiji wa Gazi, Kwale, unaolinda hekta 117, ulipanda pia mivinje: kuni na nguzo zipatikane bila kugusa mikoko.

Sasa shekeli. Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka kwa miradi ya ardhi. Neno la kuuliza ni moja: kabla au baada ya gharama? Chukua mfano tu: mauzo ya dola 30,000. Asilimia 40 ni 12,000. Lakini gharama za 20,000 zikitolewa kwanza, kijiji kinabaki na 4,000, na asilimia bado ni ile ile 40. Mara nyingi mchungaji huitwa siku ya kutia saini, aombee mkataba ambao hajausoma. Ausome kwanza, kwa Kiswahili, pamoja na akina mama wanaookota kuni msituni, maana hao ndio watakaozuiwa kuingia.

Kumbukumbu la Torati inakataza mawe mawili katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Hapa mawe hayo ni makaratasi: hati ya mauzo aliyopewa mnunuzi, na taarifa inayosomwa kwenye mkutano wa kijiji. Ombeni zote mbili za mwaka ule ule, mziweke mezani, mlinganishe idadi ya tani na bei ya kila tani.