Uzamili wa maendeleo ya uchumi wa maeneo: ulizia mradi kabla ya kulipa ada

Unayetaka kusoma shahada ya uzamili ya kitaaluma (inayoandaa mtu kwa kazi, si kwa utafiti) katika fani hii, jambo la kwanza la kuulizia chuoni ni mradi wa mwisho. Orodha ya masomo hufanana karibu kila mahali: uchumi wa miji na vijiji, fedha za serikali za mitaa, mipango, minyororo ya thamani (safari ya bidhaa kutoka malighafi hadi kwa mnunuzi). Tofauti iko kwenye mradi. Uzamili wa utafiti huishia kwenye tasnifu ya kusomwa na watahini, lakini huu wa kitaaluma unapaswa kuishia kwenye kazi aliyoihitaji mtu fulani: halmashauri, chama cha ushirika, umoja wa wafanyabiashara. Nani anamtafuta mteja huyo? Makubaliano yanasainiwa lini? Takwimu zitakazokusanywa zitabaki mikononi mwa nani? Ukijibiwa kwamba mwanafunzi hujitafutia mwenyewe, anza kutafuta muhula wa kwanza, maana barua ya kuomba takwimu inaweza kuzunguka mezani kwa wakubwa wiki nyingi.

Wanaosoma huku wanafanya kazi wapige hesabu ya saa mapema. Kwa mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Mradi wa krediti 30 basi ni saa 750 hadi 900. Mwenye saa 15 tu za kusoma kwa wiki atautumikia wiki 50 hadi 60. Wengi huchelewa kumaliza kwa sababu hesabu hii hawakuipiga.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo mtu anapojua kama fani inamfaa. Chukua wilaya yenye wafanyakazi 40,000, na 3,000 kati yao wako kwenye mbao. Hiyo ni asilimia 7.5. Kitaifa, mbao zina asilimia 2.5 ya wafanyakazi. Gawanya 7.5 kwa 2.5, unapata 3: wilaya imejikita kwenye mbao mara tatu ya wastani wa nchi. Kama ingekuwa ya kawaida ingekuwa na watu 1,000, kwa hiyo hao 2,000 wa ziada tunakisia wanazalisha kwa ajili ya soko la nje ya wilaya. Ndio wanaoingiza fedha.

Uwiano huo ni picha ya siku moja tu, hauonyeshi mwendo. Tuseme katika miaka kumi mbao zimetoka watu 3,000 hadi 3,300, ongezeko la 300. Ajira zote nchini zimekua kwa asilimia 15, ila mbao kitaifa zimekua asilimia 4 tu. Kwa kasi ya nchi nzima wilaya ingepata 450. Kwa udhaifu wa sekta, yaani asilimia 4 badala ya 15, inapoteza 330, inabaki na 120. Ajira zinazobaki kufikia 300, yaani 180, ni nguvu ya wilaya yenyewe. Kuna kitu pale kinachofanya kazi, labda barabara, labda mafundi, labda msitu wenyewe, na hesabu haitakwambia ni kipi. Itabidi uende viwandani ukaulize.

Kosa linaloharibu ripoti nyingi ni kuamini takwimu rasmi bila kuuliza nani hakuhesabiwa. Mwenye msumeno mmoja uani kwake, muuza milango barabarani, mpakiaji wa kutwa: hawa mara nyingi hawamo kwenye orodha ya waajiri. Wakikosekana upande wa wilaya lakini wakawemo upande wa taifa kwa sababu takwimu hizo zilitoka kwenye utafiti wa kaya, uwiano wako ni batili. Chanzo kiwe kimoja pande zote mbili, na mwaka uwe mmoja. Kosa la pili ni kusema kila ajira mpya italeta nyingine tatu kwa kuwa jumla ya ajira ukiigawa kwa ajira za soko la nje ya wilaya unapata nne. Huo ni wastani wa uchumi mzima, hautabiri kitakachotokea kiwanda kimoja kikifunguliwa. Wafanyakazi wakinunua mahitaji yao nje ya wilaya, fedha inatoka na ongezeko linapungua.

Kwenye barua ya maombi, acha sentensi za kutaka kubadilisha jamii. Taja tatizo moja la eneo unalolijua, nani anaathirika, nini kimeshajaribiwa na kwa nini hakikufaulu. Kamati husoma barua nyingi zinazofanana.

Na siku ya kusaini makubaliano na mteja wa mradi, omba kalenda yake ya bajeti. Mapendekezo yamfikie kabla idara hazijawasilisha makisio, yakiwa kwenye kurasa mbili zenye gharama, mhusika na chanzo cha fedha kwa kila pendekezo. Ripoti ndefu iende kama kiambatisho.