Siku moja maishani mwangu: mi ndo napokea pointi za savea

Nikimwambia mtu nafanya kazi ofisi ya dizaini ya barabara anajua nakaa kwenye kiyoyozi nachora mistari. Kuchora nachora kweli, ila muda mwingi unaliwa kabla ya mstari wa kwanza, unaliwa na pointi. Savea, yaani mpima ardhi, anapima saiti, analeta faili la namba, kila pointi na mahali pake na kimo chake, naliingiza kwenye Civil 3D, programu ya kuchorea barabara, na hapo ndo tunajua kama tuna barabara au tuna vurugu. Hii hapa siku ya Jumanne iliyopita, ili mjue hizo barabara zenu zinaanzia wapi.

Saa 11 na nusu alfajiri naamka, chai, daladala ya Nkuhungu, saa 1 na nusu niko ofisini mjini Dodoma, nafungua kompyuta kabla simu hazijaanza kulia.

Saa 2. Faili la kwanza ni la mtaro wa maji ya mvua, pointi kama mia nne. Nothingi (namba ya kaskazini) na istingi (namba ya mashariki) zimebadilishana nafasi. Hili ndo tatizo la kila siku na ukizoea unaliona kwa macho kabla hata hujaingiza: hapa mjini nothingi ina tarakimu saba inaanza na 93, istingi ina sita na inaanza na 8, sasa ukikuta namba ndefu imekaa ya tatu unachagua mpangilio wa PENZD (istingi inatangulia nothingi) badala ya PNEZD na maisha yanaendelea. Dakika tano.

Saa 3. Faili la pili limeingia vizuri, pointi zimekaa mahali pake, nikajenga safesi (sura ya ardhi) na kontua (mistari ya kimo) zikajaa nyeusi sehemu moja kama mtu kamwaga wino. Nikajua kuna pointi zina Z, yaani kimo, ya sifuri. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pointi moja tu yenye sifuri inakuchimbia shimo la zaidi ya kilomita moja kwenda chini, na programu haisemi kitu, inachora tu. Zilikuwa nguzo za umeme, savea alichukua mahali zilipo akaacha kimo, ni sawa kabisa, nikazitenga kwenye grupu lake, nikajenga upya, safi.

Saa 4 likaingia la barabara.

Hii ni barabara ya vumbi inayopandishwa kuwa lami, inatoka upande wa Dodoma kuelekea Kongwa. Timu mbili za upimaji zimegawana, kila moja na kipande chake, zinakutana kwenye karavati moja katikati. Nikaingiza mafaili yote mawili, nikabonyeza Z halafu E nione mchoro mzima, kioo kikabaki cheusi na vinukta viwili, kimoja kushoto kabisa kingine kulia kabisa. Nikapima katikati yao, zaidi ya kilomita 660. Barabara moja hiyo.

Sasa ambaye hajui atasema savea kakosea kupima. Hapana. Mstari wa longitudo 36 unapita katikati ya njia hiyo, magharibi yake ni zoni 36 mashariki ni zoni 37 (zoni ni vipande vya ramani ya dunia, kila kimoja na hesabu yake ya istingi), na ukiuvuka istingi inatoka kwenye 832 elfu inarudi kwenye 168 elfu. Timu ya kwanza walifanya kazi zoni 36, ya pili zoni 37, kila timu iko sahihi kwake. Nikabadilisha kipande cha pili kije zoni 36 nikijua nimemaliza, saa 5 hiyo, nikaagiza na chapati kabisa.

Vipande vikasogeleana ila havikukutana. Karavati ni moja, timu zote mbili zimepima kuta zake, ila kwenye mchoro yako mawili, la timu ya pili limeruka kama mita 300 kwenda kaskazini na kama 90 kwenda magharibi. Yeyote aliyewahi kushika ramani za Tanzania akiona hizo namba anajua moja kwa moja, hiyo ni Arc 1960, datamu ya zamani, yaani msingi wa kuhesabia namba za mahali. Mabikoni ya zamani (alama za upimaji zilizosimikwa ardhini) na ramani zetu nyingi ziko kwenye datamu hiyo, GPS inakupa datamu nyingine, WGS84, tofauti yao huku kwetu ndo hiyo hiyo mita 300. Na hapa ndo hatari ya kazi hii ilipo jamani, kilomita 660 haziwezi kumdanganya mtu, ila mita 300 juu ya faili lililo peke yake hakuna anayeziona, barabara inachorwa nzuri, inaprintiwa, inapelekwa saiti, afu mtu anaenda kupiga X nyekundu kwenye nyumba ambayo haikupaswa kuguswa.

Nikampigia savea wa timu ya pili. "Kaka, mlianzia wapi?" Akasema walitumia totosteshoni (mashine ya kupima pembe na umbali), wameanzia kwenye bikoni za zamani, namba wamezitoa kwenye kitabu. Basi, jibu limepatikana, ila kupata jibu siyo kurekebisha, kwa sababu zile parameta za jumla za kutoa Arc 1960 kwenda WGS84 zinakuleta jirani tu, zinaweza kukuachia mita kadhaa, na sisi tunataka sentimita. Nikamwomba arudi na rova (kipokezi cha GPS) akakae juu ya bikoni zile zile, angalau tatu, aniletee namba za WGS84.

"Dada yangu, tumeshafunga vyombo."

"Najua kaka, naomba vifunguliwe."

Hapo katikati mhandisi wa mradi akapiga. Huyu bwana ni mwelewa kwa mambo mengi ila siku hiyo alikuwa na kikao kesho yake na anataka profaili, mchoro wa mipando na miteremko ya barabara. Akaniambia, si uzisogeze tu karavati likutane na karavati? Nikamwambia hapana mhandisi. Akasema ni mita tu hizo. Nikamwambia nikiburuta kwa macho tangu kwenye faili la asili, gridi (mistari ya ramani) za zoni hizi mbili pale mpakani zimepishana mwelekeo zaidi ya nusu digrii, karavati litakutana vizuri sana ila ukienda mbele kilomita moja barabara itakuwa imetoka pembeni kama mita 11, na mita 11 kijijini ni shamba la mtu au choo cha shule. Akanyamaza. Akapiga tena baada ya muda, swali lile lile kwa maneno mengine. Akapiga tena. Kila simu nasimama, naeleza, narudi kukaa nimeshasahau nilikuwa safu ya ngapi.

Maana sikukaa bure nikisubiri. Faili la timu ya pili lilikuwa na maelezo yameandikwa "ukingo wa barabara, kulia", na hiyo koma inayakata maelezo katikati, kwa hiyo kulia na kushoto vyote vinasomeka ukingo. Nikayabadilisha yafuate kodi (vifupisho vya maelezo) za timu ya kwanza. Halafu kuna sehemu namba hazina desimali kabisa, mtu alilifungua kwenye Excel seli zikiwa zimepangwa bila desimali akasevu CSV, na CSV inabeba kile kinachoonekana tu. Nikaomba faili ghafi kutoka kwenye mashine. Likaja. Mchana nilikula saa ngapi sikumbuki, ile chapati niliikuta imekauka.

Jioni jioni hivi, jua linazama, savea akatuma. Bikoni nne, moja zaidi ya nilizoomba, na picha ya rova imesimama juu ya kila moja. Huyo kaka Mungu ambariki. Nikatumia tatu kukokotoa, ya nne nikaiacha ya kuhakiki. Ikapishana sentimita 4. Nikaenda kwenye karavati, kuta zimelaliana, kimo nacho kimekubali, na ukingo wa barabara unatoka kipande kimoja unaingia kingine bila kuvunjika. Nilivuta na kurudisha ile sehemu mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa sababu nilikuwa nafurahi kuiangalia.

Nikaandika kwenye mchoro datamu, zoni, bikoni zilizotumika na tarehe. Nikaandika pia kwamba pale pembezoni mwa zoni umbali wa gridi, yaani wa kwenye ramani, unazidi ule wa ardhini kwa zaidi ya sentimita 70 kila kilomita, mkandarasi asije akavuta futi kamba akasema tumekosea.

Mhandisi nikamtumia ujumbe: profaili saa 3 asubuhi, kabla ya kikao chako. Akajibu "asante dada". Nikazima kompyuta, daladala zimeshaisha, nikachukua boda.