Tabaka Linapobadilika Bila Kuagizwa

Wiki iliyopita, nikichora kwa AutoCAD, programu ya michoro ya kompyuta ambamo vitu hupangwa kwenye matabaka yanayoweza kuwashwa na kuzimwa, nilizima tabaka la vipimo kwenye ramani ya nyumba ili niikague kuta kwa utulivu, na milango kumi na minne ikatoweka pamoja na vipimo hivyo. Nilidhani faili limeharibika. Hata hivyo, nilipoliwasha tena tabaka na kubofya mlango mmoja, dirisha la sifa lilionyesha kwamba bloku ya mlango (mistari iliyofungwa pamoja kuwa kitu kimoja) ilikuwa imehamia kwenye tabaka la vipimo. Na kwa kuwa mistari ya ndani ya bloku ile ilichorwa kwenye tabaka 0, ilifuata tabaka la bloku na kuzimika nalo.

Aliyeihamisha ni mimi. Katika AutoCAD, orodha ya matabaka iliyo sehemu ya juu ya skrini ina kazi mbili: kama hujachagua kitu chochote, jina unalobofya huwa tabaka la sasa, yaani lile linalopokea vitu vipya unavyochora, lakini kama kuna vitu vilivyochaguliwa, vitu hivyo ndivyo vinavyohamishwa. Nilikuwa nimeichagua milango ili kuihesabu, vimiraba vya bluu vinavyoonyesha kitu kimechaguliwa vikabaki vimewaka, nami nikafungua orodha nikitaka kuanza kuweka vipimo. Hakuna onyo lolote linalotolewa. Siku hizi hubonyeza Esc mara mbili kabla ya kuigusa orodha ile.

Tatizo la aina hii likitokea, huanza kwa kujiuliza ni nini hasa kilichobadilika: tabaka la sasa, tabaka la kitu fulani, au sifa za tabaka lenyewe kama vile rangi. Rangi zikirudi za zamani kila unapopakia upya mchoro wa rejea (mchoro mwingine ulioambatishwa kwenye wako), kagua kigezo cha VISRETAIN. Ikiwa 0, mabadiliko uliyofanya kwenye matabaka ya mchoro huo hayahifadhiwi, na ikiwa 1 yanabaki. Vipimo vipya au michirizi ya kujazia vikienda kwenye tabaka ambalo hukulichagua, andika DIMLAYER (kwa vipimo) au HPLAYER (kwa michirizi) kwenye mstari wa amri. Ukikuta jina la tabaka, huyo ndiye mhusika. Jibu kwa nukta moja ili vifuate tena tabaka la sasa.

Kilichonitesa zaidi ni tabaka la sasa lililokuwa likibadilika mara moja moja, bila mpangilio niliouona. Nilianza kuandika CLAYER, kigezo chenye jina la tabaka la sasa, baada ya kila amri ili nione jina lililopo, kazi ya kuchosha, hadi nikamkamata mkosaji: programu fupi niliyoiandika mwenyewe kwa AutoLISP, lugha ya programu iliyo ndani ya AutoCAD. Ilihifadhi jina la tabaka la awali, ikaweka la kwake, kisha ikalirudisha la awali katika mstari wa mwisho kabisa. Nilipoiacha imalize kazi yake, mambo yalikuwa sawa. Nilipoikatiza kwa Esc, mstari ule wa mwisho haukufikiwa kamwe, nami nikaendelea kuchora kuta kwenye tabaka la maandishi.

Nimeiongezea kitendaji cha *error* kinachorudisha CLAYER ya awali hata amri ikikatizwa njiani, na nimeijaribu kwa Esc katika kila hatua. Milango niliikusanya kwa QSELECT, amri ya kuchagua vitu kwa sifa zao, kwa kutumia jina la bloku, nikairudisha kwenye tabaka lake, safari hii kwa kukusudia.