Mkiniambia niongeze kinga huwa nacheka tu

Kila nikisema nina kolaitisi ya vidonda (utumbo mpana unavimba na kutoka vidonda) lazima atokee mtu aniambie "pole sana, jitahidi uongeze kinga ya mwili", najua ananitakia mema kwa hiyo naitikia ahsante, ila moyoni nacheka maana kinga ninayo tele jamani, hiyo hiyo ndo inanipeleka chooni mara kumi kwa siku.

Tangu nipimwe nimeyasoma sana haya mambo, hasa zile usiku tumbo linakataa nilale. Iko hivi. Utumbo mpana umejaa bakteria, matrilioni, na kinachowatenganisha na nyama yako ni utando wenye unene wa seli moja. Moja! Sasa hao askari wa kinga waliopanga nyuma ya utando wakimrukia kila bakteria wanayemnusa si itakuwa vita asubuhi mpaka asubuhi? Ndo maana utumbo ukiwa mzima wengi wao wametulia. Makrofeji za pale, zile seli za kumeza, zikimkuta bakteria aliyepenya zinammaliza kimya kimya bila kupiga yowe. Halafu kuna seli T dhibiti, hizi ndo wasuluhishi, zinawatuliza wenzao wenye hasira (waliozigundua walipewa Nobel mwaka 2025, na walistahili), na mojawapo ya vitu zinavyotumia ni kemikali inaitwa intalukini-10.

Hii intalukini-10 ndo iliyonifanya nipende hii mada. Mwaka 1993 watafiti walitoa jeni yake kwenye panya, na panya wakaanza kuumwa utumbo wenyewe tu. Baadaye ikaonekana kwamba panya hao hao wakilelewa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja hawaumwi! Yaani ugomvi wenyewe ni na wale bakteria tunaoishi nao siku zote, ndo maana nikisikia huu ugonjwa unaitwa "mwili kujishambulia" naona jina halijakaa sawa sana, utumbo unaumia kwa sababu vita inapiganiwa hapo. Halafu 2009 wakapatikana watoto waliozaliwa na kipokezi kibovu cha hiyo intalukini-10, wanaumwa vibaya tangu uchanga, na mmoja alipopandikizwa uboho ugonjwa ukatulia.

Unadhani basi dawa ni kudungwa intalukini-10 mambo yaishe, eeh? Walijaribu, matokeo yakawa hafifu. Na walipojaribu kuizuia intalukini-17, kemikali nyingine ya kinga ambayo wote waliiona mchochezi, baadhi ya wagonjwa wa Crohn (ugonjwa wa utumbo ulio ndugu na huu wangu) wakazidiwa, kumbe na yenyewe inasaidia kukarabati ule utando. Hapo ndo niliacha kugawa hizi seli kuwa wema na wabaya.

Sasa breki zikilegea, makrofeji mpya zinatoka kwenye damu zikiwa hazijazoea adabu za pale, zinamwaga TNF, kemikali ya kupiga kengele, inaita nyutrofili, seli nyeupe za kukimbilia vita, nazo zinakuja kwa mafuriko na kuharibu kila kitu njiani. Dawa ninayotundikiwa mimi, infliksimabu, inaikamata hiyo TNF. Marekani waliipitisha 1998 kwa wenye Crohn, sisi wa kolaitisi tukangoja mpaka 2005. Na usiniulize kama haina gharama kwa mwili, kabla sijaanza nilipimwa TB kwanza, kwa sababu TNF hiyo hiyo ndo inaifungia TB iliyolala mwilini isiamke.

Kingine ni kile kipimo cha kinyesi ambacho wote tunakionea aibu, kalprotektini. Ni protini inayotoka kwenye nyutrofili, kwa hiyo daktari akisoma namba anajua askari wangapi wamevamia utumbo bila hata kuingiza kamera. Yangu mwezi uliopita ilikuwa imeshuka sana, nikampigia dada yangu saa hiyo hiyo kumtangazia habari za kinyesi changu, akakata simu.