Tazama Madirisha ya Juu Kwanza

Kila ninapofika katika mji wenye mitaa ya kale, kabla sijaingia dukani wala kuuliza njia, huinua macho nikayatazama madirisha ya ghorofa za juu. Sehemu ya chini inaweza kumhadaa mgeni, kwa kuwa rangi mpya na kibao kinachong'aa ni kazi ya wiki moja, lakini dirisha la juu halijui kujipamba kwa ajili ya wageni. Likiwa na pazia na nguo zilizoanikwa, yupo mtu anayeamka pale, atakayeshuka asubuhi kununua sabuni na jioni kumfuata fundi viatu. Likiwa limezibwa kwa mbao, na njiwa wanaingia na kutoka kupitia kioo kilichovunjika, najua kwamba maduka yakifungwa mtaa mzima utazizima, hata kama mchana ulionekana umechangamka.

Ndiyo maana mipango mingi ya kufufua katikati ya miji ya kale hunitia mashaka. Huanzia chini, tena chini kabisa, kwenye vigae vya barabara: vya zamani vinang'olewa, vipya vinapangwa, taa za mapambo zinasimikwa, kisha linafanyika tamasha la uzinduzi lenye muziki na hotuba. Siyadharau mambo hayo, maana hakuna asiyependa mahali pazuri pa kuketi. Hata hivyo, mtaa uliopoteza wakazi na wapangaji haukuwapoteza kwa sababu ya vigae, na kwa hiyo si vigae vitakavyowarudisha.

Historia ya mitaa iliyofungwa ili magari yasipite inalionyesha jambo hili vizuri. Msanifu majengo Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, ndiye aliyebuni Southdale, jumba la maduka lenye paa moja lililofunguliwa karibu na Minneapolis mwaka 1956, likawa kielelezo cha majumba yaliyozihamisha biashara kutoka katikati ya miji ya Marekani kwenda pembezoni. Miaka mitatu baadaye, katika mji wa Kalamazoo jimboni Michigan, ilitekelezwa sehemu ya mpango aliouchora yeye huyo huyo wa kuokoa kitovu cha mji, na magari yakaondolewa kwenye sehemu ya barabara yake kuu ya biashara. (Aliyechimba shimo ndiye aliyeleta ngazi, mtu anaweza kusema.) Miji mingi ya nchi hiyo iliiga, na mingi ikajuta. Chicago iliyaondoa magari ya binafsi katika State Street mwaka 1979, ikayarudisha mwaka 1996. Kalamazoo yenyewe ilianza kuyaruhusu tena kwenye sehemu ya mtaa huo mwaka 1998.

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, nayo iliyaondoa magari katika mtaa wa Strøget mwaka 1962, huku wenye maduka wakilalamika kwamba wateja watawakimbia, na mpaka leo mtaa huo ni wa waenda kwa miguu na umejaa watu. Mawe ya barabarani hayakuwa na siri yoyote. Wakazi wengi wa Copenhagen walikuwa bado wanaishi karibu, umbali wa kutembea au wa baiskeli, ilhali familia nyingi za miji ile ya Marekani zilikwisha kuhamia vitongojini, ambako gari ndilo lililobaki kuwa njia ya kurudia mjini. Ukiyaondoa magari mahali ambapo hakuna anayeishi jirani, unaondoa wateja.

Narudi basi kwenye madirisha ya juu. Ukikaribia jengo la kale lenye ghorofa tupu na kuchunguza uso wake, mara nyingi utaona upande mmoja alama ya mlango mwembamba uliozibwa kwa matofali au kumezwa na kioo cha duka. Mlango ule ulikuwa wa ngazi ya kupandia juu. Mwenye nyumba fulani, zamani, wakati biashara ya chini ilipokuwa ikilipa vizuri kuliko vyumba vya juu, aliona kwamba ngazi inamnyima upana wa dirisha la kuonyeshea bidhaa, akaibomoa na kuitumia ghorofa ya juu kama stoo, au akaiacha kabisa. Uamuzi huo ulikuwa na akili wakati ule. Matokeo yake ni kwamba sasa ghorofa nzima haina pa kuingilia, na mrithi wa jengo, akipiga hesabu ya kujenga ngazi mpya, kuvuta maji na umeme na kutimiza masharti ya moto yanayodai njia ya pili ya kutokea, anakuta kwamba kodi ya pango atakayopata haiwezi kurudisha gharama. Pengo hilo la hesabu ndilo linaloua mitaa ya kale, na halmashauri inayotaka kusaidia ingeanza kwa kuliziba. Marekani hulipunguza kwa kumpunguzia mwenye jengo la kihistoria linaloingiza kipato kodi ya mapato inayolingana na asilimia 20 ya gharama za ukarabati, ilimradi kazi ifuate viwango vya uhifadhi.

Viwango hivyo si urembo tu. Matofali ya kale ni laini, na yalijengwa kwa chokaa inayoruhusu unyevu kupumua kupitia maungio. Mwashi asiyelijua hilo huyajaza maungio saruji ngumu, unyevu ukakosa njia, ukatokea kwenye tofali lenyewe, na baada ya miaka michache uso wa tofali unamenyeka kama ganda. Nimewahi kusimama mbele ya ukuta wa namna hiyo, uliotengenezwa kwa nia njema kabisa, nikaupitisha kidole na unga mwekundu ukaniganda.

Shirika la uhifadhi la Marekani, National Trust for Historic Preservation, lilianza majaribio mwaka 1977 katika miji mitatu midogo, Galesburg, Madison na Hot Springs, na mwaka 1980 likaanzisha kituo cha taifa cha kusimamia kazi hiyo, kilichopewa jina la Main Street. Ninachokipenda katika njia yao ni kwamba haitegemei mradi mmoja mkubwa: yupo meneja anayejua kila jengo ni la nani na mkataba wa nani unaisha lini, anayemtafutia mpangaji mdogo chumba kidogo, na anayemshawishi mwenye duka abandue mabati ya alumini yaliyofunika uso wa jengo lake kwa miongo kadhaa. Ni kazi ya kuchosha na haipigwi picha sana.

Wageni watakuja, lakini wakija bila wenyeji kuwapo, mtaa hugeuka jukwaa. Kitovu cha kale cha Venice kilikuwa na wakazi 175,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000, huku nyumba nyingi zikipangishwa kwa watalii. Mwaka 2024 mji ulianza kuwatoza ada wageni wa kutwa kwa siku maalumu.

Kuhusu ngazi zilizobomolewa, suluhisho ninalolipenda kuliko yote ni la majengo yanayogusana. Majirani wawili au watatu hukubaliana kutoboa ukuta unaowatenganisha huko juu, wakajenga ngazi moja na lifti moja ya pamoja, na njia ya pili ya kutokea wakati wa moto ikapitia kwa jirani. Gharama hugawanywa, na kila duka hubaki na dirisha lake pana. Kigumu ni kuwaketisha wamiliki hao meza moja, hasa ikiwa mmoja anaishi mji mwingine na mwingine hajasahau ugomvi wa bomba la maji ya mvua.