Viraka tisa na ile robo inchi

Nashona madera hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa sita sasa. Sikutegemea kwamba vipande tisa vya kanga vingenitoa jasho.

Nilitaka kumshonea mama shuka la viraka kwa kanga zake za zamani, zile pindo zimelika lakini mji bado mzima. Nikaanza na pande rahisi kuliko yote: viraka tisa, mistari mitatu, kila mstari vitatu. Marekani watoto wa kike walikuwa wakifundishiwa sindano kwa pande hilihili, kwa hiyo nikajiambia, mimi fundi, nusu saa nimemaliza.

Nikakata kila kiraka inchi 3 na nusu kwa 3 na nusu, vitano vyekundu vya kwenye kona na katikati, vinne vyeupe vya kati yao. Mshono unakula robo inchi kila upande, kwa hiyo pande zima hutoka inchi 9 na nusu. Ile nusu humezwa baadaye ukiliunga na wenzake. Langu likatoka 8 na nusu. Nikapima tena. Nikalaumu futi. Mama akachungulia: "Mwanangu, kitambaa kimekwenda wapi?"

Nimekila mwenyewe kwa mazoea. Kwenye dera naacha nusu inchi, mtu akinenepa nafumua. Hapa kila mshono umekula robo ya ziada huku na robo huku, mishono miwili, inchi nzima imepotea.

Nikafumua yote, kazi ninayoichukia kuliko hata kutia vifungo. Kisha nikapima robo inchi kutoka ncha ya sindano kwenda kulia, nikabandika selotepu palepale juu ya bamba la cherehani, ukingo wa kitambaa ukawa unatembea umeiegemea.

Pasi nayo ina yake. Gauni nalipiga pasi mshono ukafunguka pande mbili. Huku unalazwa upande mmoja, kwenye rangi iliyokoza. Basi mstari wa kati mishono inalala kwa ndani, wa juu na wa chini inalala kwa nje. Ukiilaza mistari uso kwa uso, mikunjo inakabana, unaisikia kwa kidole kabisa. Choma pini hapo kabla hujakanyaga. Nilipoiruka pini moja, kona zilipishana.

Kanga za mama zimefuliwa miaka, hazichuji wala hazirudi. Ukitumia mpya loweka kwanza, hasa nyekundu, kanji itoke na kurudi irudi kabla ya mkasi.

Safari hii nikapata 9 na nusu, kona zimekutana. Ila kiraka cha katikati nilikikata juu ya jina bila kuangalia. Kanga ilisema WEMA HAUOZI. Pale katikati pamebaki OZI.

Nikashika mkasi nifumue. "Kiache," mama akasema, "mwanzo wake naujua mimi." Yamebaki mapande kumi na moja.