Tusivunje mamlaka ya mji wetu mdogo

Jana jioni pale sokoni, mzee anayeuza dagaa kando yangu alisema mamlaka ya mji mdogo ivunjwe, turudi moja kwa moja chini ya halmashauri ya wilaya. Wengi waliitikia. Hasira yao naielewa. Ushuru tunalipa kila siku, na choo cha soko kimefungwa tangu masika. Guba la taka nyuma ya mabanda ya nyanya linanuka mpaka kwenye zahanati.

Lakini mimi nasema hapana, mzee wangu, na shikamoo yako ipo palepale.

Mwaka 1972 nchi hii ilifuta serikali za mitaa kabisa, kazi zikashikwa na maofisa wa mikoa na wilaya. Usafi wa miji ukaporomoka, kipindupindu kikaingia. Halmashauri za miji zikarudishwa 1978, za wilaya zikasubiri hadi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa, yeye aliyezifuta!

Makao makuu ya wilaya ni mwendo wa saa mbili kwa basi, mvua ikinyesha hata hatufiki. Nani atapanda basi kwenda kudai choo? Mwenyekiti wa kitongoji changu, ambaye ni mjumbe wa mamlaka ya mji wetu, namkuta kisimani. Namuuliza mbele ya watu, na hana pa kukimbilia.

Jumamosi nitamwomba aitishe mkutano, tusomewe mapato na matumizi ya soko. Nataka kusikia fedha ya choo ilikwenda wapi.